Risiva inaunguza fyuzi kabla hata ya kuwashwa: usiilaumu transfoma kubwa

SWALI: Risiva yangu ya muziki, ya spika tano na sabufa, niliagiziwa na ndugu aliyeko Marekani. Ni ya volti 120, naitumia kwa stepdauni (kifaa cha kushusha volti za ukutani). Wiki iliyopita umeme ulikatika, na uliporudi taa za nyumba ziliwaka kwa ukali usio wa kawaida kwa sekunde chache, balbu mbili zikaungua. Tangu hapo risiva imekufa, hata ile taa nyekundu ya standbai haionekani. Nimeifungua nikakuta fyuzi imekuwa nyeusi. Nikaweka nyingine, ikaungua palepale nilipochomeka plagi, hata sijagusa swichi. Fundi wa mtaani anasema transfoma kubwa imeungua na kipuri hakipatikani, bora niiuze kama skrepa. Je, ni kweli? (Msomaji, Tabora)

JIBU: Ndugu yangu, usiiuze bado. Katika swali lako kuna maneno matatu yanayobeba karibu jibu lote: "hata sijagusa swichi." Kama fyuzi iliungua kwa kuchomeka plagi tu, basi transfoma kubwa haikuwa imepata umeme wakati ule, na kitu kisichopata umeme hakiwezi kuunguza fyuzi.

Tazama njia ya umeme ndani ya mashine hiyo. Ukiingia kwa waya wa nyuma hupita kwenye fyuzi, kisha hugawanyika mara mbili. Tawi la kwanza linakwenda kwenye saketi ndogo ya standbai, ambayo iko hai muda wote plagi ikiwa ukutani. Hiyo ndiyo inayowasha taa nyekundu na kuilisha prosesa inayosubiri amri ya rimoti. Tawi la pili linakwenda kwenye transfoma kubwa, lakini njiani kuna relei (swichi inayoendeshwa kwa umeme), na kabla hujabonyeza swichi relei hiyo imeachia. Ukibonyeza, prosesa inaipa relei umeme, unasikia "tak", ndipo transfoma kubwa inapoanza kazi. Kwa hiyo swali la kwanza kwa risiva yoyote inayounguza fyuzi ni hili: inaungua lini? Ikiungua kwenye plagi, tafuta kati ya waya na relei. Ikiungua baada ya "tak", ndipo utazame transfoma, dayodi zake na transista za sauti.

Kanuni hii ina mianya miwili. Amplifaya za zamani zenye swichi nzito inayobaki ndani ukiibonyeza hazina relei hiyo, swichi yenyewe ndiyo inayokata na kuunga transfoma kubwa. Yako ina taa ya standbai na rimoti, kwa hiyo haimo katika kundi hilo. Mwanya wa pili ni relei iliyogandana: umeme mkali unaweza kuyeyusha ncha zake zikashikana, na transfoma ikapata umeme bila amri. Hilo litajulikana kwa kipimo cha nusu dakika nitakachokieleza mbele.

Kilichotokea nyumbani kwako

Taa kuwaka kwa ukali na balbu kuungua ni dalili ya nyutro (waya wa kurudishia umeme) iliyolegea au kukatika, mara nyingi kwenye nguzo. Nyumba za mtaa mmoja hugawiwa fezi tatu zinazotumia nyutro moja. Kati ya fezi na nyutro kuna volti 230, lakini kati ya fezi na fezi kuna 400. Nyutro ikikatika, nyumba yako na ya jirani aliye kwenye fezi nyingine zinakuwa kama zimeungwa kwa mfuatano kwenye hizo 400, na yule mwenye mzigo mdogo ndiye anayebeba volti nyingi. Usiku, ukiwa na taa chache na jirani ana pasi au jiko la umeme, wewe ndiye unayeumia.

Stepdauni nayo haikukulinda. Nyingi zinazouzwa kwetu zina msokoto mmoja wa waya uliotolewa ncha katikati, na kazi yake ni kugawa kwa mbili chochote kinachoingia. Ukutani zikija 360, risiva inapata 180. Na msokoto huo una ubaya mwingine usiosemwa dukani: sehemu yake ya chini ikikatika, volti za ukutani zinapita hadi kwenye tundu la 110 karibu zote. Ndiyo maana kabla ya kuweka fyuzi ya tatu, chukua multimita, iweke kwenye volti za AC, na upime stepdauni ikiwa haina kitu. Ukutani ukiwa na 230, tundu la 110 litoe karibu 115. Kisha unga juu yake balbu ya nyuzi ya wati 60 au zaidi (ni ya volti 240, kwa hiyo itawaka hafifu tu) na upime tena. Ukipata 200 na kitu katika kipimo chochote kati ya hivyo viwili, stepdauni imekufa, na kila utakachochomeka hapo kitaifuata.

Kufungua boksi bila kuumia

Chomoa plagi ukutani, usitegemee swichi. Subiri dakika 10. Ondoa skrubu za kifuniko, na ukishaona ndani usishike kitu. Katikati utaona kapasita (vihifadhi umeme) mbili kubwa kama makopo madogo, mara nyingi za mikrofaradi 10,000 au zaidi, zinazobeba volti 50 hadi 70 kila moja risiva inapofanya kazi. Pima volti za DC kwenye miguu ya kila moja. Zikizidi 5, zimalize kwa rezista ya omu 220 ya wati 5, ukiishika kwa koleo lenye mpira, sekunde 15 kila kapasita, kisha pima tena. Usigusishe miguu kwa bisibisi. Cheche ile inaunguza njia za shaba kwenye bodi na inaweza kuharibu kapasita yenyewe.

Kama saketi ya standbai ni ya kielektroniki, ya aina ya chaja ya simu, kuna kapasita moja ndefu karibu na mahali waya unapoingia. Hiyo hubeba volti 170 katika mashine ya volti 120, na 325 katika ile ya 230, na inaweza kukaa nazo kwa muda mrefu endapo saketi imekufa, kwa sababu hakuna kinachozitumia. Ipime hiyo kwanza kuliko zote.

Fyuzi inasema nini

Kioo cha fyuzi kilichokuwa cheusi au kama kimepakwa fedha kwa ndani maana yake mkondo ulikuwa mkubwa mno na uzi ulilipuka. Hiyo ni shoti kamili. Kioo kikibaki safi na uzi umekatika pembamba katikati, ni mzigo uliozidi kidogo kwa muda mrefu, au fyuzi imechoka tu. Yako ni nyeusi, tena mara mbili, kwa hiyo tunatafuta shoti.

Usiweke fyuzi ya ampea kubwa zaidi, wala uzi wa waya, wala karatasi ya sigara. Soma maandishi yaliyochapwa kwenye bodi kando ya kishikio chake. Herufi T kabla ya namba maana yake ni fyuzi ya pole, inayovumilia msukumo wa kwanza wa transfoma kubwa. F ni ya haraka. Ukiweka F mahali pa T itaungua kila unapowasha ingawa mashine ni nzima, na utahangaika siku nzima kutafuta ubovu usiokuwepo. Kumbuka pia kwamba risiva ya volti 120 hutumia ampea karibu mara mbili ya ndugu yake wa volti 230 mwenye nguvu ileile. Ukimtazama fundi akitumia mchoro wa toleo la Ulaya, namba ya fyuzi itakuwa ndogo mno kwa mashine yako.

Mshukiwa wa kwanza: varista

Kwenye bodi ndogo ambako waya wa umeme unaingia, karibu na fyuzi, tafuta kidude cha duara bapa, kama kifungo cha koti chenye miguu miwili, mara nyingi cha buluu au cha njano. Hicho ni varista. Kazi yake ni kukaa kimya volti zikiwa za kawaida, na kujitoa mhanga zikizidi: kinafungua njia kati ya laini na nyutro, mkondo unakuwa mkubwa, fyuzi inaungua, na vilivyo nyuma yake vinapona. Baada ya kupigwa vibaya hubaki kimeshikana moja kwa moja, na kuanzia hapo kila fyuzi mpya itaungua kwenye plagi. Maelezo yako yanafanana na hali hii kabisa.

Kitazame kwa karibu na tochi. Varista iliyokufa mara nyingi ina ufa ubavuni, doa jeusi kama la moshi, au kipande kimemeguka na vumbi la kijivu limeangukia bodi. Lakini nyingine hufa zikiwa na sura nzuri, kwa hiyo usihukumu kwa macho peke yake.

Namba yake isome hivi. Ikiandikwa 14D271K, 14 ni upana wake kwa milimita, na 271 ni 27 ikifuatwa na sifuri moja, yaani 270, volti za DC ambazo huanza kupitisha. Kwa umeme wa AC hiyo inastahimili 175, na ni ya mashine za volti 120. Ile ya 471 huanza kwenye 470, inastahimili 300 za AC, na ndiyo ya mashine za 230. Ukikosa ya 271 dukani na fundi akakuwekea ya 471, risiva yako itawaka vizuri, ila kinga imepungua: volti zitapita 175 bila kuzuiwa. Kinyume chake ni hatari. Ya 271 kwenye mashine ya 230 italipuka mara tu plagi ikigusa soketi.

Sasa kipimo. Multimita iweke kwenye omu, plagi ikiwa imechomolewa, na pima miguu ya plagi ya risiva ukiwa umeweka fyuzi nzima ndani. Ukipata omu 0 hadi 2, shoti iko kati ya plagi na relei, au relei imegandana. Hapohapo pima ncha mbili za relei zinazobeba umeme mkubwa, zile zenye njia pana za shaba chini ya bodi. Zikionyesha sifuri bila umeme, relei ndiyo mgonjwa. Usifuate sauti ya multimita pekee, soma namba, maana multimita nyingi hulia hata kwenye omu 30.

Yeyusha risasi ya mguu mmoja wa varista, uinue, upime tena. Omu zikipanda ghafla, umempata. Varista nzima ikiwa nje ya bodi haionyeshi chochote, hata kwenye kipimo cha megaomu. Ni kipuri cha bei ndogo sana, na kuipeleka risiva nzima kwenye skrepa kwa ajili yake kunasikitisha.

Kama shoti bado ipo

Jirani wa varista ni kapasita ya boksi, ya njano au kijivu, yenye maandishi X2 na volti 275. Inue mguu mmoja upime. Ikihitaji kubadilishwa, weka X2 nyingine ya mikrofaradi zilezile. Usikubali kapasita ya kawaida ya volti 400 eti ina volti nyingi zaidi. X2 imeundwa ili ikifa isiwake moto, na hiyo nyingine haina ahadi hiyo.

Baada ya hapo inategemea standbai yako ni ya aina gani. Risiva za miaka ya 1990 na za mwanzo wa 2000 nyingi zina transfoma ndogo, ukubwa wa kiberiti au zaidi kidogo. Tangu sheria za Umoja wa Ulaya zilipotaka vifaa visitumie zaidi ya wati 1 vikiwa standbai (mwaka 2010) na baadaye nusu wati (2013), watengenezaji wengi wamehamia kwenye pawasaplai ndogo ya kielektroniki. Kuzitofautisha ni rahisi: transfoma ndogo ina mabamba ya chuma na ni nzito, ile ya kielektroniki ina kijitransfoma chepesi cha utepe wa njano na kapasita ndefu kando yake.

Transfoma ndogo ikiwa nzima, upande wake wa kuingilia umeme husoma omu mia kadhaa hadi zaidi ya elfu. Ikisoma wazi kabisa, yaani multimita haionyeshi omu zozote, mara nyingi waya wenyewe haujakatika. Chini ya utepe wa njano kuna fyuzi ya joto inayokatika mara moja tu, kwa kawaida karibu nyuzi joto 115 hadi 130. Mafundi wengi huiruka kwa kipande cha waya. Ninaomba kwa dhati usikubali. Transfoma hiyo inakaa na umeme saa 24, usiku mmelala, na fyuzi hiyo ndiyo kizuizi pekee kati ya joto na moto. Weka mpya yenye nyuzi zilezile, na unapolehemu bana mguu wake kwa koleo ili joto la risasi lisiikate mkononi mwako.

Angalia jambo hili pia: fyuzi ya joto iliyokatika haiunguzi fyuzi kubwa. Lakini umeme uliopiga nyumbani kwako ungeweza kufanya yote mawili, kuiua varista na kuikata transfoma ndogo. Kwa hiyo hata ukimpata varista, pima na transfoma ndogo kabla hujafunga boksi.

Kwenye standbai ya kielektroniki, pima dayodi nne za mwanzo kwa kipimo cha dayodi. Nzima huonyesha karibu 0.5 hadi 0.7 upande mmoja na hakuna kitu upande wa pili. Baada yake kuna aisii au mosfeti ya kukata umeme, na ikishoti huwa inaondoka na rezista ndogo iliyo mbele yake. Kubadilisha moja bila nyingine ni kuunguza kipuri kipya. Ukifika hapo na huna uzoefu, ndipo mahali halali pa kumwita fundi, lakini sasa unamwita ukiwa unajua unataka atazame nini.

Usiwashe tena bila taa ya sirizi

Kuweka fyuzi mpya na kuomba Mungu ni njia ya gharama. Tengeneza ubao wa sirizi: soketi, kishikio cha balbu, na waya mmoja wa umeme ukipita kwenye balbu kabla ya kufika kwenye soketi. Balbu iwe ya nyuzi, wati 100, volti 240. Za LED hazifai kabisa kwa kazi hii. Ubao ukae kati ya stepdauni na risiva.

Kwa kuwa wewe unatumia volti 120, usitarajie balbu ing'are. Shoti kamili itakupa mwanga wa rangi ya chungwa uliofifia, unaokaa bila kupungua, na mkondo hautazidi karibu ampea 0.3. Wengi wanauona mwanga huo hafifu wanadhani mambo ni sawa. Kwenye standbai ya kawaida balbu haiwaki kabisa, kwa sababu mashine inakula chini ya wati chache. Giza hapo ni habari njema.

Balbu ikiwa giza, tazama taa nyekundu. Kama haipo, pima volti za DC zinazotoka kwenye saketi ya standbai: nyingi ni 5 au 3.3. Zipo na taa haionekani? Tatizo liko upande wa prosesa au bodi ya mbele. Zikiwepo pamoja na taa, bonyeza swichi ya kuwasha, bila spika wala waya mwingine wowote nyuma. Balbu itamulika kwa nusu sekunde hivi transfoma kubwa inapojaza kapasita, kisha itafifia. Hapo umeshajibu hoja ya fundi wako kwa macho.

Ikibaki inawaka baada ya "tak", zima, chomoa, maliza umeme wa kapasita, kisha chomoa soketi zote zinazotoka transfoma kubwa kwenda kwenye bodi na uwashe tena. Balbu ikiendelea kuwaka hali transfoma haina mzigo wowote, basi kweli ina shoti ndani, na utasikia pia harufu ya vanishi iliyoungua. Ikizima, transfoma ni nzima na ubovu uko kwenye bodi inazozilisha. Hicho ndicho kipimo pekee kinachompa mtu haki ya kusema transfoma kubwa imekufa.

Kwa wasomaji wengine ambao fyuzi zao ni nzima

Risiva iliyokaa miaka mingi kwenye umeme, ikazimika siku moja umeme ulipokatika na isirudi, fyuzi ikiwa safi, mara nyingi ina kapasita ndogo iliyokauka kwenye standbai ya kielektroniki, ile ya mikrofaradi 10 hadi 47 iliyo karibu na aisii. Inatosha kuendeleza kazi, lakini haitoshi tena kuianzisha. Weka mpya ya nyuzi joto 105. Kuna pia risiva ambazo standbai yake inapata umeme kupitia kapasita ya filamu. Hiyo hupungua thamani mwaka hadi mwaka hadi relei inakosa nguvu ya kushika, na ugonjwa unaonekana zaidi jioni wakati umeme wa mtaa umeshuka. Ipime kwa mita ya kapasita. Ikiwa imepungua kwa zaidi ya asilimia 20, itoe.

Ile inayosema "tak", ikakaa sekunde mbili tatu, ikasema "tak" tena na kuzima, hiyo haijafa. Inajilinda. Toa spika zote kwanza: uzi mmoja wa waya wa spika uliogusa tundu la jirani unatosha kuifanya ikatae. Denon nyingi hukuambia kwa taa: ikipepesa nyekundu kila nusu sekunde ni upande wa spika au amplifaya, kila sekunde mbili ni joto. Pioneer huandika AMP ERR, Sony huandika PROTECT au PROTECTOR. Ikiendelea bila spika, pima transista za sauti zilizofungwa kwenye bamba la alumini, mguu wa kati na wa tatu kwa kipimo cha dayodi pande zote mbili. Sifuri ni shoti. Badilisha jozi nzima, pima rezista nyeupe za omu 0.22 na transista ndogo zinazozisukuma, na nunua mahali unapopaamini, kwani transista bandia zimejaa sokoni na hufa wimbo wa pili. Usirudie kubonyeza swichi mara kumi ukitumaini itashika. Baadhi ya mashine huhesabu majaribio, na baada ya matatu hukataa kuwaka kabisa hadi zifutiwe kumbukumbu kwa menyu ya fundi.

Na kama ilikufa baada ya radi, hasa kwa mliopo Kanda ya Ziwa, fuata waya wa dishi. Radi huingia kwenye king'amuzi, ikapita HDMI, ikaua bodi ya picha ndani ya risiva, na bodi hiyo ikawa inavuta chini volti za prosesa. Chomoa HDMI zote ujaribu. Kisha mwambie fundi atoe bodi yenyewe ajaribu tena kwa sirizi.

Ikishawaka

Kabla ya kuunga spika, pima volti za DC kwenye kila tundu la spika, sauti ikiwa chini. Chini ya milivolti 50 ni salama. Ikizidi 100, kuna transista inayoumwa na ungeiunguza sabufa au spika bure.

Stepdauni ichague kwa hesabu. Tazama wati zilizoandikwa nyuma ya risiva, uzidishe kwa mbili: ya wati 400 inataka stepdauni ya VA 800 hadi 1000, na ukitegemea namba iliyoandikwa dukani, ongeza kidogo zaidi. Suala jingine ni masafa. Umeme wa Marekani ni hezi 60, wetu ni 50, na transfoma iliyosukwa kwa 60 ikipewa volti zilezile kwa 50 hupata joto zaidi. Kwa risiva inayosema "120V 60Hz" tu, stepdauni inayotoa 100 hadi 110 ni bora kuliko inayotoa 120. Umeme wa mtaa wako ukiwa karibu 240 muda mwingi, tundu la 110 litatoa 120, kwa hiyo tafuta yenye tundu la 100. Wenye mashine za Japani wasikosee hapa, maana zile ni za volti 100, na stepdauni ya 110 kwenye umeme wa 240 inazipa 120, asilimia 20 juu ya haki yao. Na kuna risiva ambazo standbai yake inavumilia 240 lakini transfoma kubwa haivumilii. Ukichomeka bila stepdauni, taa nyekundu itawaka vizuri na kukutuliza, kisha ukibonyeza swichi transfoma inaungua kweli.

Kati ya ukuta na stepdauni, si kati ya stepdauni na risiva, weka gadi ya umeme ya aina inayokata volti zikizidi na kusubiri dakika chache kabla ya kurudisha. Toa taarifa ya nyutro kwa shirika la umeme, maana iliyolegea mara moja italegea tena. Saa ya kwanza baada ya matengenezo, washa sauti ya wastani na uweke kiganja juu ya stepdauni kila dakika 15: ikiwa vuguvugu ni sawa, ukishindwa kuacha mkono hapo kwa sekunde tano, zima, ni ndogo kwa mzigo huo.